Maji Yanachemka Nyuzi Ngapi Njombe?

Ninafundisha Sayansi katika shule ya msingi ya serikali mkoani Njombe, kwenye mwinuko ambako mwezi wa sita watoto huingia darasani wamevaa masweta mawilimawili na midomo imepasuka kwa baridi. Somo hili sikuliomba. Nilitoka chuo cha ualimu na cheti cha Daraja la Tatu A, moyo wangu ukiwa kwenye Kiswahili, lakini nilipofika shuleni mwalimu mkuu akaniambia pengo lililopo ni Sayansi. Nikalipokea. Mwalimu wa shule ya msingi hufundisha anachopangiwa.

Nataka nishuhudie jinsi somo hili lilivyonibadilisha, na kabla ya yote niseme kwamba mambo hayakuwa mabaya. Niliandika notisi ubaoni, watoto wakanakili, tukakariri kwa sauti, na mtihani wa darasa la saba ulipokuja wengi wao walifaulu. Wazazi waliridhika. Afisa elimu wa kata alikagua madaftari akasaini. Baada ya Januari 2016, elimumsingi bila malipo ilipoanza na madarasa yakafurika, kila mtu aliona kuwa kumudu watoto zaidi ya tisini wakatulia na kunakili ni kazi kubwa ya kutosha. Hakuna aliyenidai zaidi ya hapo, wala sikuona matokeo ya kunifanya nitafute njia nyingine.

Kilichonigeuza ni kipimajoto cha kuazima.

Mada ilikuwa hali za maada: yabisi, kimiminika na gesi. Mtoto wa darasa la tano ukimwamsha usiku wa manane atakwambia kwamba maji huganda kwenye nyuzi 0 na huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Mwalimu mmoja wa sekondari ya jirani aliniazima kipimajoto cha maabara, kile kirefu cha kioo chenye spiriti nyekundu ndani, kinachopima mpaka 110. (Kile cha kupimia homa hakifai kabisa kwa kazi hii. Huishia 42 tu, na ukikitumbukiza kwenye maji ya moto kinaweza kupasuka.) Nikaona ni vizuri watoto waione ile 100 kwa macho yao. Tukawasha jiko la mkaa nje, chini ya mkaratusi, nikachora duara la majivu kulizunguka ili mtu asisogee. Kipimajoto nilikifunga kwa uzi kwenye kijiti nilichokilaza juu ya sufuria. Msichana mmoja mrefu akapewa kazi ya kusoma namba kwa sauti, mwenzake akaziandika.

Sitini. Sabini. Themanini na tano. Vipovu vidogo vikaanza kushika pembeni mwa sufuria. Tisini, maji yakaanza kunguruma. Tisini na tatu, maji yanachemka kwelikweli, yanarukaruka. Tukasubiri. Tisini na tatu. Mvulana mmoja akaomba ruhusa aongeze mkaa, akapepea mpaka majivu yakaruka. Tisini na tatu. Maji yanapungua sufuriani, namba haipandi.

“Mwalimu, mbona haifiki?”

Chuoni sikuwahi kulisikia swali hilo, na jibu lake sikuwa nalo. Nikawarudishia: “Nyie mnadhani kwa nini?” Hapo ndipo niliposikia darasa ambalo sikuwahi kulisikia. Wengine wakasema mkaa hautoshi. Wengine wakasema maji ya kwetu si sawa na maji ya kitabuni. Walio wengi wakasema kipimajoto kimeharibika. Yakazuka mabishano, na jambo lililonishika ni kwamba walibishana juu ya kitu kilichokuwa mbele yao. Hakuna aliyesema “kitabu kimesema” ili kumnyamazisha mwenzake.

Tulipokutana tena tukayapima madai yao moja baada ya jingine. Tulikoka kuni kavu za mkaratusi mpaka moto ukaizunguka sufuria: 93. Tukateka maji ya mvua, kisha maji ya bomba, kisha ya chemchemi: 93, 93, 93. Yakabaki madai ya kipimajoto kibovu, na hapo nilikwama. Yule msichana aliyekuwa akiandika namba ndiye aliyenikwamua. Alisema kama kibovu kinakosea kwenye maji ya moto, basi tukiweke na kwenye barafu tuone kama kitakosea huko pia. Dukani mjini wanauza barafu. Nikaleta mfuko mzima, tukaiponda, tukaijaza kwenye kikombe mpaka ikaanza kuyeyuka, tukachomeka kipimajoto. Spiriti ikashuka polepole, ikafika kwenye sifuri, ikatulia hapo. Kipimajoto hakikuwa na kosa.

Nilikwenda kwa yule mwalimu wa sekondari, naye akanieleza. Hewa ina uzito, nayo hutugandamiza kila upande. Maji yanapopata joto, mvuke wake husukuma ili utoke, na hewa iliyo juu yake husukuma kuuzuia. Maji huchemka pale nguvu ya mvuke inapolingana na mgandamizo wa hewa. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yetu ni kidogo kuliko iliyo juu ya mtu wa Tanga, kwa hiyo mvuke wetu hauhitaji nguvu nyingi kutoka. Kila unapopanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka nyuzi moja. Piga hesabu ya mita 2,000 utapata pungufu ya nyuzi sita au saba. Ile 93 ilikuwa sahihi kabisa.

Niliporudi na maelezo hayo darasani, nilikuwa sijamaliza hata kuchora mlima ubaoni wakati mtoto mmoja aliponyoosha mkono. Mama yake mdogo anakaa Dar es Salaam, na kila akija likizo hulalamika kwamba maharage ya huku hayaivi. Je, ni kwa sababu hiyo? Ndiyo, ni kwa sababu hiyo, pamoja na ukavu na umri wa maharage yenyewe. Maji yetu yanachemka yakiwa hayajawa ya moto kama ya kule, na kuongeza kuni hakuyazidishi joto. Ndiyo maana mama zetu huloweka maharage usiku kucha. Nimezaliwa nyanda hizi, nimekula maharage hayo maisha yangu yote, nimeyafundisha maji na mvuke mwaka baada ya mwaka, na haijapata kunipitia akilini kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

Mpaka siku hiyo niliichukulia sayansi kuwa kitu kilichokwisha kukamilika mbali na sisi, nami nimetumwa kukifikisha kwa watoto kikiwa salama. Sasa nikaona kwamba milima yetu, vyungu vyetu na maharage yetu vimo ndani ya somo. Namba ya kitabuni ni ya kweli, lakini ni kweli ya pwani. Ya kwetu ilikuwa inasubiri mtu wa kwetu aipime.

Mwalimu mkuu wangu, ambaye namheshimu sana, aliniita ofisini. Hofu yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya haki: watoto wataandika 93 kwenye mtihani wa taifa wakose alama. Nililiwaza jambo hilo sana kabla ya kurudi darasani. Nikawauliza watoto: swali likitaja 100, sufuria yake iko wapi? Wakajibu wenyewe: pwani, kwenye usawa wa bahari. Basi mtihani unapouliza bila kutaja mahali, mjue sufuria iko pwani. Hakuna aliyewahi kuchanganya, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Mtoto anayejua sababu ya 93 haisahau 100, maana zimefungwa pamoja.

Toka hapo nilianza kuingia darasani nikiwa sijui kipindi kitaishaje. Kwa mtu aliyezoea andalio la somo lililonyooka kutoka utangulizi hadi tathmini, hilo linatisha. Nilikuwa nalala nikiwaza maswali. Nikitembea naangalia. Mwezi wa sita asubuhi majani ya viazi yanapokuwa meupe kwa umande ulioganda, nachuchumaa niguse, nijiulize kwa nini bondeni yameungua na juu ya kilima hayajaungua. Ukweli ni kwamba hewa baridi ni nzito na hutelemka bondeni, na wakulima wa hapa wanalijua hilo bila kitabu. Lakini mimi sikuwa nimeliona kama somo. Mkoba wangu ukajaa chupa tupu, vifuniko, uzi na puto.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya kivuli. Tulisimamisha fito ya mita moja uwanjani, wima, tukiihakiki kwa uzi uliofungwa jiwe. Kazi ya watoto ilikuwa kutia alama mahali ncha ya kivuli inapofika, kila robo saa, tangu saa tano hadi saa nane. Wote waliniambia mapema matokeo yatakuwa nini: saa sita kamili jua linakuwa la utosi na kivuli kinakwisha. Hivyo ndivyo watu wanavyosema, hivyo ndivyo hata mimi nilivyosema.

Mwezi wa sita kivuli hakikwisha. Kilipokuwa kifupi kuliko wakati wote kilikuwa bado na urefu wa sentimita 64 hivi, na kilielekea kusini. Isitoshe, ufupi huo haukuja saa sita kamili. Ulikuja karibu na saa saba kasorobo. Hapo darasa liligawanyika tena, maana kuna waliodai saa yangu ndiyo mbovu. Saa haikuwa mbovu. Saa zetu za Afrika Mashariki zimewekwa kufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao hauigusi Tanzania hata kidogo, unapita baharini. Njombe iko karibu na nyuzi 35. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa dakika nne, kwa hiyo jua hutufikia sisi dakika 40 hivi baada ya kuupita mstari huo. Watoto wa darasa la sita walilipata hilo kwa kuzidisha na kutoa, kwenye kipindi ambacho ratiba ilisema ni cha Sayansi, nami nikamwachia mwalimu wa Hisabati afurahi.

Tuliendelea kupima. Mwezi wa nane kivuli cha mchana kimepungua, wa tisa kimepungua zaidi. Katikati ya mwezi wa kumi kikaja kile walichokisubiri: fito imesimama juani na haina kivuli. Walikwenda kumwita mlinzi, wakamwita mama anayepika uji, wakawaita walimu waliokuwa wanasahihisha madaftari, wote waje waone. Mwishoni mwa Novemba, siku jua lilipopata nafasi kati ya mawingu ya mvua, kivuli kilikuwa kimerudi lakini kimegeukia kaskazini. Jua lilikuwa limetuvuka juu ya vichwa vyetu na kwenda kusini. Sikuhitaji kuwaambia hayo. Waliniambia wao.

Nimesikia watu wakisema mafunzo ya namna hii yanataka maabara. Kwetu yalitaka fito, uzi na jiwe, na zaidi ya hivyo yalitaka uvumilivu wa miezi, kitu ambacho mwalimu mwenye silabasi ya kumaliza hapewi kwa urahisi. Hapo ndipo penye ugumu, si kwenye vifaa. Kipindi ni dakika 40. Watoto tisini ukiwagawa makundi, kundi la mwisho linafika kwenye jiko muda umekwisha. Nilijifunza kutumia dakika za kabla ya mstari wa asubuhi na mapumziko ya uji, na kuwapa viongozi wa makundi daftari moja moja la kumbukumbu. Ni kazi ngumu na haina malipo ya ziada.

Jambo la ulanzi lilinifikisha mbali kidogo. Huku kwetu wakati wa mvua mianzi hugemwa, na utomvu wake ukiwa mpya ni mtamu, hata watoto hunywa. Ukikaa unachachuka unakuwa pombe. Kila mtoto anajua hilo, lakini kwa nini? Nikachukua ulanzi mtamu nikautia kwenye chupa mbili za maji. Wa chupa moja niliuchemsha kwanza nikauacha upoe. Kila mdomo wa chupa nikauvalisha puto. Kesho yake puto la ulanzi mbichi lilikuwa limesimama na kujaa, la ule uliochemshwa limelala. Hamira iliyomo kwenye utomvu hula sukari na kutoa gesi ya kabonidayoksaidi pamoja na kileo. Moto ulikuwa umeiua hamira ile kwenye chupa ya pili.

Siku iliyofuata mzee mmoja alikuja shuleni, baba wa mwanafunzi wangu, kofia mkononi.

“Kamwene, mwalimu.”

“Kamwene, baba. Shikamoo.”

“Marahaba. Mwanangu ananiambia wanafundishwa pombe.”

Sikujitetea. Nilimpeleka darasani nikamwonyesha chupa mbili. Aliziangalia kwa muda mrefu, akagusa puto. Kumbe ni mgema. Akaniambia kwamba chombo kilichobaki na ulanzi wa jana huuchachusha wa leo upesi, na anayetaka ubaki mtamu lazima asuuze chombo chake kwa maji ya moto. Alikuwa akinieleza juu ya hamira bila kulitaja jina lake. Nikamwomba aje awaambie watoto, naye akaja, akasimama mbele ya darasa na mundu wake wa kugemea, akazungumza mpaka kengele ikapigwa. Nilimtazama mwanawe wakati wote huo. Natamani kila mzazi wa Tanzania ambaye hakuvuka darasa la saba apate siku moja ya kutazamwa hivyo na mtoto wake.

Nimewasimulia watoto habari za Erasto Mpemba, kwa sababu ni za kwetu. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, wakitengeneza aiskrimu. Alitia maziwa yake kwenye friji yakiwa bado ya moto, akakuta yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipokuwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, mkoa ambao Njombe ilikuwa sehemu yake mpaka 2012, akamuuliza tena mgeni kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Wenzake walicheka, lakini Osborne alilipeleka swali lile maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la fizikia la Uingereza. Mpaka leo wanasayansi wanabishana juu ya lini jambo hilo hutokea na kwa nini, na jina lake ndilo wanalolitumia. Watoto wangu hawakuuliza kama Mpemba alikuwa sahihi. Waliuliza kama aliwahi kupima zaidi ya mara moja. Nilifurahi sana kulisikia swali hilo.

Kuna jambo linaniumiza, na sitaki nilifiche. Watoto hawa wanabishana kwa Kiswahili, na wakipandwa na jazba wanaruka kwenye Kibena. Wanaweza kusema “sikubali” na kueleza kwa nini. Wakivuka kwenda kidato cha kwanza wanalipokea somo hilihili kwa Kiingereza, na nimekutana na waliokuwa wabishi wangu wakubwa wakirudi likizo wamerudia kukariri. Hawajapungukiwa akili. Wamepungukiwa maneno ya kubishia. Ninachoweza kufanya ni kuhakikisha wanaondoka kwangu wakiwa na mazoea ya kupima, yakae ndani yao mpaka maneno yatakapopatikana.

Mwaka jana niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliosoma chuo pamoja. Tumesambaa nchi nzima. Niliwaomba kila mwenye kuweza kuazima kipimajoto achemshe maji na darasa lake atuletee namba. Kutoka Tanga, kando ya bahari, ilikuja 100. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, 98. Mwanza, 96. Watoto walichora mstari kwenye karatasi ya manila, mita upande mmoja, nyuzi upande wa pili, wakaweka nukta ya kila mji na ya kwetu mwishoni. Nukta zikakaa karibu kabisa kwenye mstari mmoja.

Wakachukua rula wakaurefusha. Wanasema kwenye kibanda cha Kibo, mlimani Kilimanjaro, mita 4,700 na kitu, maji ya chai yatachemka kwenye nyuzi 84 hivi. Kileleni Uhuru, mita 5,895, yatakuwa kwenye 80. Hakuna yeyote kati yetu aliyewahi kufika huko. Kama wewe unayesoma ni mpagazi, mpishi au mwongoza watalii wa mlima ule, au unamfahamu mmoja wao, tunamwomba apande na kipimajoto cha maabara safari ijayo, akitie kwenye sufuria ya chai maji yanapochemka, asome namba na kuandika ni kituo gani. Hata ikitoka tofauti na mstari wetu, tunaitaka hivyohivyo ilivyo.